Kuita, Si Kuhesabu: Jinsi ya Kuanza Japa ya Hare Krishna

Aliyenifundisha kushika shanga alikuwa jirani yetu, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tulimwita Ba. Asubuhi ya kwanza nilipokaa naye barazani nilimaliza mzunguko wangu upesi, nikamtazama nikingoja anisifu. Akaniuliza kwa upole, "Beta, mwanangu, ulikuwa unahesabu au ulikuwa unaita?" Sikuwa na jibu. Huu ni mwaka wangu wa 14 na shanga mkononi, na kila anayekuja kwangu kujifunza naanza naye kwa swali hilohilo. Mengine yote katika japa, huku kurudia majina ya Mungu kwa shanga, hurekebishika njiani, lakini aliyezoea kuhesabu ana safari ndefu ya kurudi hadi aanze kuita.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa, asiye na shanga, asiyejua hata kutamka. Nafuata mapokeo ya Wavaishnava wa Bengal huko India, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu, au Krishna, kuwa Mungu. Sisi ni wafuasi wa mwalimu mtakatifu Chaitanya. Wahindu wana mantra nyingi: wako wanaomwita Shiva kwa Om Namah Shivaya, wako wanaosoma Gayatri jua likichomoza. Hizo waulize wanaoishi nazo. Mimi ninayoishi nayo ni hii:

Hare Krishna Hare Krishna
Krishna Krishna Hare Hare
Hare Rama Hare Rama
Rama Rama Hare Hare

Majina 16, silabi 32. Huitwa mahamantra, yaani mantra kuu. Neno mantra lenyewe wazee hulifafanua kwa sehemu mbili, manas, akili, na tra, kuokoa: sauti inayoiokoa akili. Na japa ni kutaja kwa sauti ya chini, kunong'ona.

Maana, kabla hujafungua mdomo

Soma tena mistari ile minne utafute kitenzi. Hakuna hata kimoja. Hakuna "nipe", hakuna "niponye", hakuna "niondolee deni". Majina yote 16 yako katika hali ya kuita, kama sisi tunavyotanguliza "ewe" au "ee" mbele ya jina la mtu. Ukiitafsiri neno kwa neno utapata: Ee Hare, ee Krishna, ee Hare, ee Krishna, basi. Walimu wetu huifananisha na kilio cha mtoto mchanga anayemtaka mama yake. Mtoto hana sentensi, ana sauti tu, na mama akiisikia huacha alichoshika.

Krishna, kwa maana ya neno, ni mweusi. Rangi yake hufananishwa na wingu lililobeba mvua. Wavaishnava husikia humo pia maana ya Yeye avutaye vyote. Rama ni furaha, chemchemi ya furaha. Mwingine akilitaja anamkumbuka mfalme wa Ayodhya, mwingine Balarama, kaka yake Krishna, mwingine Krishna mwenyewe akiwa furaha ya Radha, mpenzi wake. Hakuna haja ya kugombana hapo.

Hare ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Kisarufi linaweza kuwa mwito wa Hari, jina la Vishnu, aondoaye dhambi na huzuni. Linaweza pia kuwa mwito wa Hara, jina la Radha, na hivyo ndivyo tunavyolisikia sisi wa njia ya Chaitanya. Radha ndiye upendo na nguvu ya Mungu mwenyewe. Kwa hiyo kila mara tunaanza kwake, atushike mkono atufikishe kwa Krishna, kama mtoto mwenye haja kwa baba anavyopitia kwanza kwa mama. Hare limo mara nane, Krishna mara nne, Rama mara nne. Nusu ya mantra nzima ni kumwita mama.

Mantra hii imo katika Kali-Santarana Upanishad, maandiko mafupi sana. Mwenye hekima Narada anamwendea Brahma, mungu muumbaji, kumuuliza mtu atawezaje kuivuka Kali, enzi hii ya ugomvi. Brahma anamjibu kwa majina haya 16. Narada anauliza tena: kanuni zake ni zipi? Anajibiwa kwamba hayana kanuni, yatajwe na aliye safi na asiye safi. Katika nakala nyingi za maandiko hayo mstari wa Hare Rama ndio unaotangulia, kwa hiyo usishangae ukikutana nao hivyo mahali fulani. Sisi tunaanza na Hare Krishna.

Hatua ya 1: Jua unachokwenda kufanya

Wengi hunijia wakitaka mantra kama dawa: ya usingizi, ya hasira, ya mawazo. Utulivu huja, siukatai, ila huja kama kivuli kinavyomfuata mwenye kwenda. Japa ni ibada. Unamwita Mungu kwa majina ambayo Wavaishnava humwita. Kama wewe ni Mwislamu au Mkristo na dhamiri yako inakataa, usijilazimishe. Wavuta uradi na wasali rozari wanaijua tayari ladha ya kurudia neno takatifu kwa shanga, na wao hunielewa haraka kuliko mtu asiyewahi kusali.

Moyo ukikubali, huhitaji kuwa Mhindi, wala kubadili jina, wala kulipa chochote. Mwaka 1971 Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwanzilishi wa jumuiya ya ISKCON, alifika Mombasa na Nairobi, na alisisitiza kwamba Waafrika wakaribishwe hekaluni wakaimbe na kula pamoja na wengine. Wakati ule kwa watu wengi hapa hekalu lilikuwa mlango wa Wahindi tu. Mimi nisingekuwa ninaandika haya kama mlango ule usingefunguliwa.

Hatua ya 2: Tafuta shanga

Mala ni shada la shanga 108, pamoja na ushanga mmoja mkubwa unaoziunganisha, ambao tunauita ushanga wa kichwa. Kwa kawaida shanga hupangwa kwa ukubwa, nene zikianzia upande mmoja wa kichwa na kupungua hadi nyembamba upande wa pili. Angalia kama kati ya ushanga na ushanga pana fundo. Pasipo mafundo, siku uzi ukikatika zitamwagika zote, na hewa yetu ya pwani huozesha uzi upesi.

Shanga tunazozipenda zaidi ni za mtulasi. Ukitaka kuujua mtulasi, fikiria mrehani, ule tunaoutia kwenye kikuba pamoja na asumini. Ni ndugu zake wa damu, na harufu zao zinafahamiana. Kwa Wavaishnava huu ni mmea mtakatifu, hupandwa nyumbani na kumwagiwa maji kila asubuhi kwa heshima. Shina lake likikomaa huwa gumu, ndilo linalochongwa shanga.

Ukikosa za mtulasi, tumia za mwarobaini. Ndiyo, mwarobaini huuhuu tunaochemsha majani yake kwa homa. Una nafasi yake katika habari hii: Chaitanya alizaliwa Navadvipa, Bengal, mwaka 1486, na mapokeo yanasema alizaliwa chini ya mwarobaini. Kwao mti huo huitwa nim, ndiyo maana nyumbani walimwita Nimai. Mara nyingine ninapopita chini ya mwarobaini wa uani kwetu jina hilo hunitoka mdomoni bila kukusudia.

Pamoja na mala utafute mfuko wake wa kitambaa, wenye tundu la kutolea kidole. Shanga hukaa humo muda wote. Haziwekwi sakafuni, haziingii msalani, hazivukwi kwa miguu.

Huna shanga bado? Usingoje. Kila kidole, ukiacha dole gumba, kina pingili tatu. Vidole vinne ni pingili 12, na ukizunguka mara 9 umepata 108. Dole gumba ndilo linalotembea juu ya pingili. Mimi nilianza hivyo, na hata leo nikiwa ndani ya matatu nahesabu hivyo.

Hatua ya 3: Tengeneza matamshi

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili amebarikiwa. Irabu zetu tano ziko safi, na karibu zinalingana na za mantra. Hare husomwa kama ilivyoandikwa, ha-re. Haiwi "heri" wala "hari". Mkazo uko mwanzoni, kama ilivyo desturi ya maneno yetu yenye silabi mbili, kwa hiyo ulimi wako tayari unajua njia.

Rama ina a ndefu: Raama. Irefushe kama unavyoirefusha katika "taa" au "saa". Watu huikata ikawa fupi na neno linapoteza pumzi yake. Wahindi wengi katika maongezi husema "Ram" bila irabu ya mwisho, na Wabengali mdomoni mwao husikika "Hore Krishno". Usiwaige wala usiwasahihishe. Wewe itaje a ya mwisho, kwa Kiswahili wala si kazi.

Krishna ndipo penye kazi. Lugha zetu za Kibantu hupenda kila konsonanti ifuatwe na irabu, hivyo ulimi unachomeka irabu pasipotakiwa: "Kirishina", "Krishina". Gawa neno mara mbili. Kri, kama mwanzo wa "Krismasi". Kisha sh inayogota moja kwa moja kwenye n: shna. Jizoeze kwa maneno unayoyajua ambamo sh inafuatwa na konsonanti bila irabu katikati, kama "mushkeli" na "mashriki". Halafu sema polepole: krish, na. Krish, na. Krishna. Anayetaka kwenda mbali zaidi apinde ncha ya ulimi nyuma kidogo iguse kaakaa wakati wa sh na n. Ndivyo Kisanskriti kinavyozitamka. Anayeanza si lazima.

Na kama lugha ya kwenu haitenganishi r na l, usione haya, wako wengi. Chukua jozi za maneno: kula na kura, hali na hari, mahali na mahari. Rudia mbele ya kioo hadi ulimi utofautishe, kisha urudi kwenye Hare na Rama. Nimemwona mzee aliyefanya zoezi hilo wiki tatu, jioni baada ya jioni, kwa sababu alisema hawezi kumwita mgeni wake kwa jina lisilo lake.

Mtu akiniuliza kama Mungu atamkataa kwa matamshi mabaya, namjibu hapana. Mama huitika hata jina lake likitajwa na mtoto mwenye kithembe. Lakini mtoto huyo akikua hujitahidi.

Hatua ya 4: Wakati na mahali

Wakati mwema kuliko wote huitwa brahma-muhurta. Huanza saa moja na dakika 36 kabla ya jua kuchomoza. Kwetu huku karibu na ikweta jua halibadili sana saa zake, kwa hiyo mwaka mzima ukiamka saa kumi na nusu alfajiri uko salama. Nakaa ukiwa ungali usiku, na mara nyingi nikiwa katikati ya mzunguko wa tatu naisikia adhana ikitoka msikiti wa mtaani. Haijawahi kunisumbua. Watu wawili wameamka kumtafuta Mungu gizani, kila mmoja na njia yake.

Ukishindwa alfajiri, shika saa yoyote unayoweza kuishika kila siku. Oga au nawa, kaa chini mgongo ukiwa umenyooka, au kwenye kiti kama magoti yanauma. Unaweza pia kutembea polepole. Wengi wetu hutembea usingizi ukianza kuvuta. Simu ilale chumba kingine.

Hatua ya 5: Mzunguko wa kwanza

Ingiza mkono wa kulia mfukoni, uleule unaolia chakula. Kidole cha shahada kitokeze nje kwenye tundu, kwa kuwa hicho hakigusi shanga. Tafuta kwa vidole ushanga mnene ulio jirani na kichwa, uushike kati ya dole gumba na kidole cha kati.

Kabla ya kuanza, taja mara moja majina ya Chaitanya na wenzake wanne, kwa kuwa wao ndio waliotuletea zawadi hii:

Jaya Sri Krishna Chaitanya Prabhu Nityananda
Sri Advaita Gadadhara Srivasadi Gaura Bhakta Vrinda

Sasa taja mahamantra nzima, mistari yote minne, ukiwa umeshika ushanga ule mmoja. Ukimaliza, uvute kuelekea kwako, ushike unaofuata, taja tena. Vivyo hivyo hadi wa 108. Usitaje mantra juu ya ushanga wa kichwa, na usiuvuke. Ukiufikia, igeuze mala humohumo mfukoni, na mzunguko wa pili uuanzie pale pale ulipoishia, kutoka kwenye nyembamba kurudi kwenye nene.

Pumzi iache iende yenyewe. Anayeanza huwa na nafasi ya mantra moja kwa pumzi moja, au nusu. Ukijikuta unahema, umekimbia. Mzunguko wa kwanza utachukua dakika 10 hadi 12, na hiyo ni sawa kabisa. Baada ya miezi utashuka wenyewe hadi dakika saba au nane, ambazo ni takriban sekunde nne kwa kila mantra. Ukienda chini sana ya hapo, jisikilize: mara nyingi Hare zimeanza kumezwa na Krishna imebaki nusu.

Hatua ya 6: Sikio

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zile tano zilikuwa za kukufikisha hapa, na hapa utakaa maisha yako yote, kama mimi.

Kazi ya japa ni moja, kusikia kila jina unalolitaja. Ulimi unaita, sikio linapokea. Akili itaondoka. Itaondoka kwenye mantra ya pili au ya tatu, iende sokoni, iende kwenye maneno uliyoambiwa na shemeji mwaka jana, iende kwenye kodi ya nyumba. Ulimi utabaki unataja na vidole vinavuta, na ushanga wa 108 utafika bila wewe kuwepo. Hapo ndipo Ba aliponikuta.

Fanya hivi. Taja kwa sauti ambayo sikio lako linaisikia wazi na aliye upande wa pili wa chumba hasumbuki nayo. Midomo itembee. Wako wanaotaja moyoni tu, na wataalamu wa japa wanaitambua njia hiyo, lakini kwa anayeanza moyo ni mahali penye kelele nyingi. Sauti ya kweli, inayotoka na kurudi sikioni, ina uzito wa kuishika akili.

Kisha lipe sikio mahali pa kusimama. Kwa wiki ya kwanza lisimamie neno moja tu: Hare ya kwanza ya kila mantra. Ukiisikia hiyo, umerudi nyumbani. Wiki ya pili sikiliza mwanzo wa kila mstari, mara nne katika mantra. Baadaye sikiliza majina yote 16. Usiruke ngazi.

Ukigundua kwamba ulipotea, usijikaripie wala usirudi mwanzo wa mzunguko. Baki kwenye ushanga huohuo, taja mantra hiyo moja upya, safari hii ukiisikia, ndipo uvute. Kule kurudi ndiko japa. Aliyerudi mara 50 katika mzunguko mmoja amemwita Mungu mara 50 kwa kumkusudia, na hilo si dogo.

Kila mzunguko ukiisha, jiulize kwa unyofu: kati ya 108, nimezisikia ngapi? Miezi yangu ya mwanzo zilikuwa tatu, nne. Nililia siku moja kwa hilo. Sasa najua kwamba kilio kile chenyewe kilikuwa karibu na mwito kuliko mizunguko yangu yote ya wiki ile.

Mapokeo yetu yanataja makosa kumi dhidi ya Jina, miongoni mwake kuwasema vibaya watu wa Mungu na kutenda dhambi kwa kutegemea kwamba Jina litaifuta. Kutosikiliza limo humo pia, na walimu wanalihesabu kuwa mlango yanamoingilia mengine. Mtu asiyemsikiliza anayemwita, baada ya muda humdharau.

Kuhusu kutaja kwa sauti kuna habari ya Haridasa, ambayo husimuliwa kila penye Wavaishnava. Haridasa alizaliwa katika nyumba ya Waislamu huko Bengal, akawa mtajaji mkubwa wa Jina kuliko wote wa zama za Chaitanya. Inasimuliwa kwamba kila siku alitaja majina laki tatu. Watawala walipomtaka aache, alikataa, akapigwa katika masoko 22, na huku akipigwa aliwaombea waliokuwa wakimpiga. Alipoulizwa kwa nini asitaje kimoyomoyo kama wengine, alisema atajaye kimya hujifaidi mwenyewe, na atajaye kwa sauti humfaidi na anayesikia, hata ndege na mdudu na mti ambao hawana ulimi wa kutaja. Ninapotaja alfajiri na paka wa jirani amelala dirishani, humkumbuka Haridasa, nikapandisha sauti kidogo.

Hatua ya 7: Idadi

Anza na mzunguko mmoja kwa siku. Mmoja, usiokosekana, kwa mwezi mzima. Mwezi wa pili uwe miwili. Wengi huanza na minane kwa moto wa mwanzo, na baada ya wiki tatu mala imetundikwa ukutani. Chagua idadi unayoweza kuitimiza hata siku ya msiba au ya homa, kisha usiishushe. Kuongeza ni ruhusa siku yoyote, hasa siku ya Ekadashi, ya 11 tangu mwezi uandame na tena ya 11 baada ya mwezi mpevu, ambayo wengi wetu hufunga nafaka na kunde na kuzidisha japa.

Mizunguko 16 ndiyo kiwango cha aliyepewa diksha, yaani aliyepokewa rasmi na guru, mwalimu wake wa kiroho. Hesabu yake ni mantra 1,728, majina 27,648, na huchukua saa mbili hivi. Guru wa Prabhupada, Bhaktisiddhanta, aliwataka wanafunzi wake wataje mizunguko 64. Prabhupada alipoondoka Kolkata, India, mwaka 1965 kwa meli ya mizigo, akikaribia kutimiza miaka 69, na kuanzisha jumuiya yake New York mwaka 1966, alikuta vijana ambao 64 ingewavunja. Akawapunguzia hadi 16, akawaambia chini ya hapo wasishuke. Anayepokewa huahidi pia mambo manne: kuacha nyama, samaki na mayai; kuacha vileo, sigara na dawa za kulevya; kuacha kamari; na kuacha zinaa. Hayo hayakuhusu bado unapotaja mzunguko wako mmoja. Yatakapokuhusu utayajua, maana baadhi yatakuwa yameanza kukuacha yenyewe.

Kuweka kumbukumbu, mfuko huwa na kiuzi kidogo cha shanga za kusogeza pembeni, moja kwa kila mzunguko. Kisogeze, kisha usikitazame tena hadi mzunguko uishe.

Hatua ya 8: Siku ngumu

Usingizi: simama, nawa uso, tembea, pandisha sauti. Ukavu, siku ambazo majina hayana ladha yoyote mdomoni: taja vilevile. Wazee hutoa mfano wa mgonjwa wa manjano, ambaye sukari huiona chungu, na dawa yake ndiyo hiyohiyo sukari. Akiendelea kuila, uchungu unaondoka.

Siku ukikosa kabisa, kesho yake lipa mizunguko ya jana pamoja na ya leo, kama tunavyolipa funga. Ukikosa mwezi, usilipe deni, anza tu.

Ndugu wakikuona na mfuko shingoni wataogopa. Wangu walidhani nimeingia uganga. Sikubishana. Nilimkaribisha mama akae karibu yangu asubuhi moja, nikataja kwa sauti, nikamweleza kila jina maana yake. Aliondoka kimya, na hajawahi kuwa Mvaishnava, lakini tangu siku hiyo nikichelewa kuamka hunigongea mlango.

Hatua ya 9: Nenda kwenye kirtan

Japa ni ya mtu na shanga zake. Kirtan ni majina hayohayo yakiimbwa na watu wengi: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, kama ngoma zetu zote zilivyo. Hakuna kuhesabu hapo. Kuna mridanga, ngoma ya udongo yenye nyuso mbili, na karatali, vitasa vidogo vya mkononi. Chaitanya aliiongoza katika mitaa ya Navadvipa zaidi ya miaka 500 iliyopita, watu wa tabaka zote wakiwa pamoja.

Hekalu za ISKCON hukusanyika Jumapili. Fika nusu saa kabla, umevaa nguo ya heshima. Vua viatu mlangoni. Kaa chini popote, na wakianza, usiogope sauti yako. Kwa kuwa umeshazoea kuyataja polepole juu ya ushanga mmoja mmoja, utayakuta majina yanakusubiri katika wimbo. Baada ya ibada utapewa chakula kilichotolewa kwanza kwa Krishna, mara nyingi wali, dengu na mboga, na usikikatae, kwa kuwa nacho ni sehemu ya ibada. Mwulize aliyekaa karibu nawe alianzaje. Watu wetu hupenda kuulizwa hilo.

Mala yako iwe nawe mfukoni mwake. Na kesho, saa kumi na nusu, ianzie kwenye ushanga mnene.